Hata samaki wa bahari yetu aingie karantini kwanza

Nikikutana na wenzangu wa Mombasa wanaofuga samaki wa maji chumvi nyumbani, hoja ni ile ile. "Sisi ni watu wa pwani. Samaki wetu hakupanda ndege. Ametolewa baharini Kanamai asubuhi, jioni yuko sebuleni. Karantini ya nini?" Hoja hiyo niliiamini miaka miwili mizima. Leo naipinga kwa sababu najua ilichonigharimu.

Nilinunua kangaja wa buluu, yule mwenye uso mweusi na pezi la manjano mgongoni. Alikuwa mnono, anakula vizuri, rangi inawaka. Nikamzoesha maji nusu saa, nikamtia tangini pamoja na wenziwe sita. Siku ya nne nikaona madoa meupe kwenye mapezi, mfano wa chembe za chumvi. Siku ya sita madoa yakatoweka, nikashukuru Mungu. Siku ya kumi na moja samaki wote walikuwa wamejaa madoa, wanahema kwa haraka karibu na mdomo wa pampu. Wiki ya pili ilipokwisha alibaki mmoja. Miongoni mwa waliokufa walikuwemo wawili wa rangi ya chungwa waliokuwa wakilala ndani ya anemoni, yule mnyama wa baharini afananaye na ua, niliokuwa nao tangu binti yangu akiwa darasa la pili. Aliniuliza nimewafanya nini, na swali lake lilikuwa la haki.

Kosa langu kubwa lilikuwa kushukuru siku ile ya sita. Kimelea cha madoa meupe, ambacho wataalamu hukiita Cryptocaryon irritans, hakikai juu ya samaki daima. Hujichimbia chini ya ngozi na ndani ya matamvua, kikala kwa siku tatu hadi saba, kisha kikadondoka, mara nyingi gizani kabla ya alfajiri. Huko chini hujifungia ndani ya ganda gumu juu ya mwamba, mchanga au kioo, kikagawanyika na kugawanyika tena. Ganda likipasuka hutoka mamia ya vimelea vichanga vinavyoogelea kutafuta samaki wa kushika. Kwa hiyo doa likitoweka, ugonjwa haujaondoka, umeshuka sakafuni kuzaana. Mtu aliyetia kitunguu saumu kwenye chakula siku ya tano ataapa kwamba kitunguu kimeponya, kumbe kimelea kilikuwa kinaondoka kwa ratiba yake chenyewe.

Sasa tazama tofauti ya bahari na tangi. Baharini, vimelea vichanga vikitoka kwenye ganda, kangaja yuko mbali, mkondo umevitawanya, na vina saa chache tu za nguvu kabla ya kufa. Samaki wa porini huweza kubeba viwili vitatu maisha yake yote asidhurike. Tangini hana pa kukimbilia. Analala usiku juu ya mchanga ule ule uliopokea vimelea vyake jana. Ndiyo maana samaki "mzima" wa Kanamai anaweza kuua tangi zima, wala mpiga mbizi aliyemnasa kwa kimia cha mkono hajakosea kitu. Isitoshe, wengi wa samaki hao hawatoki chomboni moja kwa moja hadi kwetu. Hupita kwanza kwenye matangi ya wafanyabiashara wanaowakusanya kwa kuwauza nje, na huko maji ya matangi mengi huzunguka pamoja. Aliyeingia akiwa safi hutoka amepakwa cha jirani.

Mara ya kwanza nilipoielewa maana ya karantini vizuri nilikuwa Zanzibar, nimevuka kwenda Kisiwa cha Changuu. Wageni huenda kuwaona makobe wakubwa. Mimi nilisimama kwenye jengo lililojengwa mnamo 1893 liwe gereza, lisiwahi kufungia mfungwa, kisha likageuzwa kituo cha kuwazuia abiria wa meli kabla ya kuingia mjini. Wale abiria wengi hawakuwa wagonjwa. Walizuiwa kwa sababu hakuna aliyeweza kujua kwa macho nani ana homa ya manjano ndani ya mwili wake. Na jina la kisiwa ni jina la samaki. Nilirudi Mombasa nikasafisha ndoo.

Changuu yangu ya samaki wapya ni tangi la lita 60, kioo kitupu. Halina mchanga wala jiwe, kwa sababu chokaa iliyomo kwenye jiwe hunyonya dawa na mchanga hufuga maganda. Nimeweka vipande vya bomba la plastiki samaki ajifiche, hita, pampu ya hewa, na sponji niliyoiacha mwezi mzima nyuma ya tangi kubwa ili ishike bakteria wa kula amonia, ile sumu itokanayo na taka za samaki. Usiidharau sponji hiyo. Nimeona samaki wengi wa karantini wakifa kwa amonia huku mwenyewe akilaumu dawa.

Kuhusu dawa, sisi wa Afrika Mashariki tuna jambo la ajabu: mbili kati ya zile kuu tumezijua tangu utotoni. Ya kwanza ni praziquantel, vidonge vya kichocho, ambavyo shuleni mwanafunzi husimamishwa kando ya fimbo ya kupimia urefu ili ijulikane ameze vingapi. Ndani ya tangi dawa hiyo huua minyoo bapa ing'ang'aniayo ngozi, macho na matamvua ya samaki. Mayai yake haiyaui, hivyo lazima irudiwe baada ya siku tano hadi saba, yakiwa yameanguliwa. Mimi humpa kila samaki mpya bila kungoja dalili. Ya pili ni klorokwini. Watu wa rika langu wanakumbuka uchungu wake na ule muwasho wa usiku kucha, hadi Kenya ilipoiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998, na Tanzania Bara mwaka 2001. Malaria iliizoea, lakini vimelea vya samaki bado vinaiogopa. Nasema hili kwa uzito: dawa ya tangi si ya binadamu. Machi 2020, katika hofu ya korona, mtu mmoja huko Arizona, Marekani, alifariki baada ya kumeza klorokwini iliyouzwa kwa ajili ya matangi ya samaki.

Kwa madoa meupe mimi hutegemea shaba. Wakulima wa kahawa wanaijua kwa jina la mrututu, ile chumvi ya buluu. Kiwango chake ni chembamba mno: miligramu 0.15 hadi 0.20 za shaba huru kwa lita, chini ya hapo haiui kimelea, juu ya hapo inaweza kumuua samaki. Zile shaba za chupa zilizofungwa na kemikali nyingine zina viwango vyao tofauti kabisa, basi fuata karatasi yake na utumie kipimo kinachoendana nayo. Hupima asubuhi na jioni. Asiye na kipimo cha shaba asiiguse shaba. Na maji hayo usiyamwage kwenye mkono wa bahari wala mtaroni, kwa kuwa kaa, konokono na matumbawe hawaivumilii.

Wapo wanaosema tumtazame tu samaki kwa wiki sita bila dawa, tusimtese bure. Nawaheshimu, na kwa samaki mmoja niliyemchukua mwenyewe kwa mvuvi, asiyepita ghala, nimewahi kufanya hivyo. Aliyepita matangi ya pamoja simsubirishi, kwa sababu ya ugonjwa wa mahameli. Huo humfunika samaki kwa vumbi jembamba la dhahabu linaloonekana ukimmulika kwa tochi kutoka ubavuni, na mara nyingi kabla ya vumbi kuonekana matamvua yameshaharibika. Huua kwa siku mbili tatu. Kutazama hapo ni kutazama kifo.

Tangi langu kubwa nililiacha bila samaki siku 76, kwa kuwa ganda la madoa meupe limewahi kuonekana likichukua hadi siku 72 kupasuka. Konokono na kaa wadogo walibaki peke yao. Wageni wakiingia waliuliza samaki wako wapi, na binti yangu ndiye aliyekuwa akiwajibu, akihesabu siku kwenye kalenda ya jikoni.

Sasa nina kangaja mwingine wa buluu. Leo ni siku yake ya 19 ndani ya lita 60, shaba imesimama pale pale tangu wiki ya kwanza, na asubuhi alifuata mwani hadi kwenye vidole vyangu.