Mbwa jike mdogo: kumhasi kabla ya joto la kwanza, au kumwacha kwanza?

Anayefuga mbwa jike wa aina ndogo, awe Maltese, Chihuahua au Japanese Spitz wanaopendwa sana Nairobi, hupewa mashauri mawili yanayopingana. La kwanza humtaka amfunge kizazi akifika miezi sita, kabla hajaingia joto, yaani kipindi cha kutaka dume. La pili humtaka amwache apite joto moja au akomae kabisa. Msemo huo wa kufunga kizazi unapotosha kidogo, maana hakuna kinachofungwa: daktari wa mifugo huondoa ovari, na mara nyingi mji wa mimba pia.

Wanaotetea kuwahi huegemea utafiti wa Marekani wa mwaka 1969, ambao ulikadiria kuwa jike aliyehasiwa kabla ya joto la kwanza hubaki na asilimia 0.5 tu ya hatari ya uvimbe wa matiti aliyonayo jike asiyehasiwa, asilimia 8 baada ya joto moja, na 26 baada ya mawili au zaidi. Wengi huzisoma tarakimu hizo vibaya, wakadhani kwamba majike 26 kati ya 100 wataugua, ilhali kinachopimwa ni sehemu ya hatari wala si idadi ya wagonjwa. Isitoshe, watafiti wa Uingereza waliopitia tafiti za aina hiyo mwaka 2012 waliuona ushahidi wake kuwa dhaifu. Kwa maoni yangu, hoja yenye uzito kuliko hiyo ni usaha wa kizazi, ugonjwa unaoweza kumuua jike kwa siku chache. Nchini Sweden, ambako majike wengi hawahasiwi, kumbukumbu za bima zilionyesha kuwa takriban mmoja kati ya wanne huupata kabla ya kutimiza miaka 10.

Wanaotetea kusubiri husema kwamba homoni zinahitajika ili mifupa na viungo vikomae. Hilo ni kweli kwa aina kadhaa za mbwa wakubwa, lakini utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliochapishwa mwaka 2020 na kuhusisha aina 35, haukukuta ongezeko kubwa la matatizo ya viungo kwa mbwa wadogo waliohasiwa mapema. Kuvuja mkojo baada ya upasuaji nako huwasumbua zaidi majike wakubwa. Hoja hii, basi, imeazimwa kutoka kwa mbwa wa kilo 30 ikavishwa wa kilo tatu. Haipaswi kutupwa yote, hata hivyo, kwani utafiti huo huo uliona ongezeko la saratani kwa Shih Tzu na Boston Terrier waliohasiwa. Mwenye aina hizo ana haki ya kumuuliza daktari wake maswali ya ziada. Vilevile jike mchanga ambaye uke wake umevimba kwa mwasho wa utotoni, si uvimbe wa saratani, mara nyingi huachwa apate joto moja, ambalo kwa kawaida humponya.

Kinachonifanya niegemee upande wa kuwahi ni ua wa nyumba. Joto hudumu takriban wiki tatu, na katika mitaa yetu madume huanza kulala getini tangu siku za mwanzo. Jike wa kilo tatu akipandwa na dume la mtaani, watoto huweza kuwa wakubwa kuliko njia ya kuzaliwa, na upasuaji uliokwepwa hurudi usiku wa manane kwa bei ya dharura. Kupandana pia hueneza uvimbe wa sehemu za siri unaoambukiza, ambao kwetu si mgeni.

Namna ya kufanya ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mbwa mdogo hapaswi kushindishwa njaa usiku kucha kama mbwa mkubwa, kwa kuwa sukari yake hushuka haraka. Daktari ndiye apange saa za kukaa bila chakula, na mezani awekewe kitu cha kumpasha joto. Damu ipimwe kwanza, kwa sababu homa za kupe hupunguza chembe za kugandisha damu na mbwa anaweza kuonekana mzima kabisa. Jike wetu alipofikisha miezi sita, daktari alimfunua mdomo akatuonyesha chonge mbili zimesimama sambamba kila upande: ya utoto iliyogoma kung'oka na ya ukubwani iliyoota kando yake. Zile za utoto ziling'olewa chini ya nusukaputi ile ile ya kumhasi. Baada ya hapo ni kola shingoni, bila kuoga wala kuruka kitandani kwa siku 10 hadi 14, kisha chakula kipunguzwe kwa sababu mwili wake sasa unahitaji kidogo.

Matone ya damu yakionekana sakafuni kabla ya siku ya miadi, usimkimbize kliniki. Mishipa ya kizazi wakati huo imejaa damu, hivyo madaktari wengi hupendelea kungoja miezi miwili hadi mitatu baada ya joto kwisha, na akiwa ametoa maziwa bila mimba, hadi yakauke. Wiki hizo tatu za joto atolewe nje kwa kamba, hata kwenye ua wenye ukuta.