Wanawake wa Roma walikuwa na ushawishi, haki hawakuwa nayo

Kila tukizungumzia Roma ya kale, hakosi mtu wa kusema kwamba wanawake wa kule walikuwa na nguvu zao: walimiliki mali, na wengine waliwashauri waume zao mambo makubwa ya dola. Ni kweli. Lakini kuiita hiyo haki ya kisiasa, mimi nakataa kabisa.

Tazama mwaka 42 KK. Octavian, Antony na Lepidus, watawala watatu wa Roma wakati huo, walitaka fedha za kupigana na waliomuua Julius Caesar. Wakaamuru wanawake 1,400, matajiri kuliko wenzao, watangaze mali zao na kulipia vita. Wanawake wakaanza na njia waliyoizoea, ya kupitia kwa wanawake wenzao wa nyumba za wakubwa. Dada yake Octavian akawasikiliza, mama yake Antony pia. Fulvia, mke wa Antony, akawafukuza mlangoni. Ushawishi ndivyo ulivyo: unategemea mtu akubali kukufungulia.

Basi wakaingia Forum, uwanja wa siasa za wanaume, na Hortensia, binti wa msemaji maarufu Quintus Hortensius, akasema mbele ya watawala. Mwanahistoria Appian ametuachia hoja yake: tulipe kodi ya nini, ilhali hatuna fungu katika vyeo, majeshi wala utawala mnaougombania? Akaongeza kuwa adui wa nje akija watachangia, ila vita vya Warumi kwa Warumi hawatavitolea kitu.

Watawala walighadhibika, wakaagiza wanawake waondolewe. Umati ukapiga kelele, ikabidi waache. Kesho yake orodha ikashushwa hadi 400.

Wengi huishia hapo wakishangilia. Mimi naona hoja ya Hortensia ilikuwa na majibu mawili ya haki: ama wasitozwe, ama washirikishwe. Hawakupewa hata moja. Walipunguziwa tu.

Na haikuwa kwa matajiri peke yao. Huko Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano mwaka 79 BK, kuta zina matangazo ya uchaguzi yaliyoandikwa kwa rangi. Moja linasema Statia na Petronia wanaomba Casellius na Albucius wachaguliwe. Wanawake wa kilabu cha pombe cha Asellina nao walimpigia debe mgombea wao hadharani, majina yao yakaandikwa ukutani kila mpita njia ayasome. Siasa za mji wao walizijua vizuri. Siku ya uchaguzi, waliopiga kura ni wanaume.