Mao Asada: je, ekseli ndiyo iliyomnyima dhahabu?

Mashabiki wa mchezo wa kuteleza kwenye barafu bado wanabishana kuhusu Mao Asada wa Nagoya, aliyestaafu Aprili 2017 akiwa na mataji matatu ya dunia (2008, 2010 na 2014) lakini bila dhahabu ya Olimpiki. Wapo wanaosema aliponzwa na ukaidi: aling'ang'ania ekseli ya mizunguko mitatu na nusu, mruko ambao wanawake wachache mno wa zama zake walithubutu kuujaribu.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Kwenye Olimpiki ya Vancouver 2010 aliitua ekseli hiyo mara tatu katika shindano moja, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyekuwa amelifanya, na bado Kim Yuna wa Korea Kusini akamwacha mbali, 228.56 kwa 205.50. Kanuni za wakati huo ziliipa ekseli alama 8.2 za msingi. Kim aliunganisha miruko ya aina nyingine mbili, lutzi na tuluupu, kila mmoja mizunguko mitatu, na kuanzia alama 10. Lutzi ndiyo iliyomsumbua Asada miaka mingi. Huenda saa alizoimalizia ekseli zingemnufaisha zaidi huko.

Ila ukiipitia programu yake ndefu ya Vancouver (sehemu ya pili ya shindano, baada ya programu fupi), ekseli haina kosa. Mambo yaliharibika baadaye, kwenye miruko mepesi zaidi: tuluupu aliyokusudia kuizungusha mara tatu iliishia mara moja. Na pengo la alama 23 lisingezibwa kwa kuitoa ekseli, lingeongezeka.

Halafu kuna Olimpiki ya Turin 2006, ambayo wakosoaji huiruka. Desemba 2005, akiwa na miaka 15, Asada alimshinda Irina Slutskaya, bingwa wa dunia, kwenye fainali ya Grand Prix, mfululizo wa mashindano ya kimataifa ya kila msimu, mjini Tokyo. Olimpiki hakwenda, kwa kuwa kanuni ilitaka awe ametimiza miaka 15 kabla ya Julai 1, 2005, naye alichelewa kuzaliwa kwa siku 87. Dhahabu ikaenda kwa Mjapani mwenzake, Shizuka Arakawa. Ukaidi gani hapo?

Sochi 2014 ndiko lawama inakoshika. Katika programu fupi alianguka kwenye ekseli, akawa wa 16, na waziri mkuu wa zamani Yoshiro Mori akasema hadharani kwamba binti huyo huanguka kila penye jambo kubwa. (Kauli ya ovyo, kwa maoni yangu.) Kesho yake alianza tena na ekseli ileile, akaitua, akapata 142.71, alama zake bora kabisa katika programu ndefu, na kupanda hadi nafasi ya 6. Mwezi uliofuata, kwenye mashindano ya dunia ya Saitama, Japani, programu fupi yenye ekseli hiyohiyo iliweka rekodi ya dunia, 78.66.

Kwa hiyo kosa ninalolikubali ni moja tu, programu fupi ya Sochi, ambako ekseli ya mizunguko miwili na nusu ingetosha. Hata hapo, alikosa pia muunganiko wa miruko, na huo haukuwa na ekseli ndani yake.