Msifute namba "mbaya" za kapi

Somo la kapi, gurudumu lenye mfereji wa kupitishia uzi wa kuinulia mzigo, huharibika mapema, pale mwalimu anapoandika ubaoni kwamba ukihesabu nyuzi zinazobeba mzigo umejua nguvu ya kuvuta imepungua mara ngapi. Kanuni si ya uongo. Ila mwanafunzi akishaijua kabla hajashika uzi, kinachobaki ni kulazimisha vipimo vifanane nayo. Mizani ikisoma nyutoni 3.0 naye anataka 2.5, ataandika 2.5 bila haya.

Vifaa ni vichache: makapi mawili (roda, kwa wengine), uzi usiovutika wa mita mbili uliotiwa alama ya wino kila sentimita 10, mizani za springi za nyutoni 1 na nyutoni 10, rula, na mizigo ya gramu 50 na 500. Kikundi kiwe cha watatu: wa kuvuta, wa kusoma, wa kuandika. Wa nne atapiga soga tu.

Kapi lililofungwa juu halipunguzi nguvu, linageuza tu upande wa kuvuta, kwa hiyo msikae hapo sana. Ila angalieni mizani: ukivuta kwenda chini inakuwa imepinduka, na sifuri yake imehama. Ishikwe ndoano ikiwa juu, sifuri irekebishwe, ndipo ifungwe uzi.

Utamu uko kwenye kapi linalopanda pamoja na mzigo. Tuseme lina gramu 60. Mzigo wa gramu 500 una uzito wa nyutoni 4.9, jumlisha 0.6 ya kapi, gawanya kwa mbili kwa kuwa nyuzi mbili ndizo zinazobeba, unapata 2.75. Mizani haitasoma hivyo. Mzigo ukipandishwa polepole itasoma, mathalani, 3.0, ukishushwa polepole, 2.5, kwa kuwa msuguano sasa unamsaidia anayeshusha. Wastani wake ndio ile 2.75, na wanafunzi waachwe waifikie wenyewe. Anayesoma mzigo ukiwa umesimama anaweza kupata namba yoyote kati ya hizo mbili, ndiyo maana vikundi huishia kubishana.

Kisha wapime uzi. Mzigo umepanda sentimita 20, mkono umetembea 40. Kazi iliyopatikana ni 4.9 × 0.20, yaani jouli 0.98, iliyotolewa ni 3.0 × 0.40, yaani 1.2. Ufanisi ni kama asilimia 82. Hatua hii ndiyo hurukwa muda ukibana, na kwangu heri kurukwa nyingine yoyote, maana hapa ndipo mtoto anaona kwamba nafuu ya nguvu ameilipia kwa urefu wa uzi.

Sasa wafunge gramu 50 na kuhamia mizani ya nyutoni 1. Kuinua kwa mkono kunadai 0.49. Kwa kapi lile lile, hata pasipo msuguano, ni 0.54. Chombo cha kurahisisha kimetia ugumu! Kikundi kitadhani kimekosea na kuanza kufungua mafundo. Mwalimu anyamaze kidogo, mpaka mmoja wao akumbuke kulipima kapi lenyewe.

Mwisho, warudishe gramu 500 na kutanua nyuzi mbili zisiende sambamba tena, huku mmoja akisoma mizani. Kila uzi ukifika digrii 60 kutoka wima, nguvu inayotakiwa inalingana na uzito wote wa mzigo na kapi, na nyuzi ukizihesabu bado ni mbili.