Nani Anaifanya Kazi ya Modemu?

Ingia duka lolote la kompyuta za mtumba hapa Ngamiani, uliza modemu, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na intaneti kupitia laini ya simu, inayokubali Linux, mfumo endeshi tofauti na Windows. Utajibiwa, "Hiyo inakubali kila kitu, kaka." Muuzaji wala hakudanganyi, ameijaribu kwenye Windows ikakubali, kwake biashara imekwisha. Ndiyo maana mimi nataka kwanza nijue kazi ya modemu inafanywa na kifaa chenyewe au imetupiwa kompyuta.

Enzi za simu ya mezani jambo hili lilitesa watu kweli. Modemu ya nje, kile kisanduku chenye taa kinachochomekwa kwenye poti ya siriali, ilikuwa na chipu zake za kugeuza data kuwa sauti na sauti kuwa data. Kompyuta iliituma tu kwa amri za AT, zilizoanza na modemu ya Hayes mwaka 1981: ATDT, namba, inapiga. Linux iliiona kama /dev/ttyS0, yaani poti ya siriali ya kwanza, programu ya pppd ikamalizia kuunganisha intaneti, na taa zikakuonyesha kama laini imeshika. Kisha zikaja winmodemu, kadi za ndani za bei poa. Watengenezaji walipunguza chipu, mzigo wakaubebesha prosesa, programu wakaiandikia Windows na kuificha msimbo wake. Mtu wa Linux akabaki kuombaomba draiva, programu ya kuiwezesha kompyuta kukitumia kifaa. Ile ya Linuxant kwa chipu za Conexant ilikuwa bure kwa kasi ya kilobiti 14.4 kwa sekunde tu, ukitaka 56, toa pesa. Na kila ukibadilisha kerneli, kile kiini cha Linux, unaanza upya.

Vijiti vya USB vya leo vina mambo yao. Vingi ukivichomeka hujitokeza kwanza kama CD yenye programu za Windows, mpaka programu ya usb_modeswitch ivigeuze kuwa modemu. Si vibaya, Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, hufanya hivyo yenyewe mara nyingi. Lakini mimi nachagua vile vya aina ya HiLink: kijiti kinapiga chenyewe, kompyuta inakiona kama kadi ya mtandao, na draiva yake, cdc_ether, imo tayari ndani ya kerneli. Mipangilio unaifungua kwenye kivinjari, 192.168.8.1. Wapenzi wa amri za AT watanuna, najua.

Nenda dukani na laptopu yako, uchomeke kabla ya kulipa. Amri ya ip link, inayoorodhesha kadi za mtandao, ikionyesha kadi mpya, lipa. Muuzaji akikataa kufungua pakiti, Ngamiani maduka ni mengi.