Kabla hujanunua dawa ya kinga, kaangalie beseni

Februari haijafika katikati, na magrupu ya WhatsApp ya wazazi wa chekechea yameshaanza wimbo wao wa kila mwaka. "Jamani, wangu tangu aanze shule hakai wiki mbili bila kuumwa, nishaurini dawa nzuri ya kuongeza kinga." Dakika tano hazipiti, majibu yamejaa: sirapu ya rangi ya chungwa yenye picha ya simba, mafuta ya ini ya papa, unga wa lishe wa nafaka kumi na mbili, kitunguu saumu kwa asali. Hakosekani shangazi anayetaka mtoto akaangaliwe, maana kijicho nacho kipo. Mwingine anashauri ahamishwe shule. Majibu arobaini, na hakuna hata mmoja aliyeuliza: huko shuleni wananawaje mikono?

Tuanze na hesabu, maana nusu ya hofu inatoka hapo. Mtoto mdogo mwenye afya yake nzuri hupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka. Akiwa ndiyo kwanza kaanza deikea au chekechea, mara 10, hata 12, bado si ajabu. Kila mafua hukaa siku 7 hadi 10, na kikohozi kinaweza kujiburuza mpaka wiki ya tatu. Zidisha mwenyewe: mafua 10 kwa siku 10 ni siku 100 za kamasi ndani ya mwaka mmoja. Mtoto wa namna hiyo hana upungufu wowote wa kinga. Ni mwanafunzi.

Nyumbani alikuwa anaishi na watu watano ambao vijidudu vyao mwili wake umeshavizoea. Darasani amekaa na wenzake 25, kila mmoja kaja na vya kwao, na vya kaka yake wa darasa la tatu, na vya abiria wote waliopanda daladala na mama yake. Virusi vinavyoitwa raino peke yake, ambavyo ndivyo mabingwa wa mafua ya kawaida, vina aina zaidi ya 100, na mwili ukishapambana na aina moja haujapata mtaji mkubwa wa kupambana na nyingine. Hiyo foleni lazima aipange. Ukimfungia ndani mpaka afike darasa la kwanza, ataikuta pale pale inamsubiri.

Sasa hizo sirapu. Geuza chupa usome maandishi madogo nyuma: vitamini C, zinki kidogo, sukari, rangi, ladha ya embe. Mtoto anayekula chakula cha kawaida cha nyumbani, mchicha, dagaa, maharage, papai, hupati cha maana unachomwongezea zaidi ya sukari. Kinga inayofanya kazi ipo na hulipii: chanjo ya surua na rubella ya miezi 9 na ile ya miezi 18, matone ya vitamini A na dawa ya minyoo kila baada ya miezi sita mpaka afikishe miaka mitano, kliniki, Juni na Desemba. Wazazi wangapi wanarudi kliniki baada ya ile ya miezi 9? Kadi inatupwa juu ya kabati, miezi 18 inapita, halafu tunatafuta simba kwenye chupa.

Turudi kwenye beseni.

Saa nne kasoro. Uji umeiva, vikombe vya plastiki vimepangwa mezani. Dada anatoka na beseni la bluu, maji lita tatu au nne, analiweka juu ya stuli. Watoto wamepanga mstari. Wa kwanza anatumbukiza mikono, anaifikicha mara mbili, anatoa. Wa pili vile vile. Wa tano katoka chooni sasa hivi. Wa nane ndiye mwenye kamasi mpaka mdomoni, na kaifuta kwa kiganja. Kufika wa kumi na mbili maji yamekuwa ya kijivu, mchanga umetulia chini na makombo ya biskuti yanaelea juu. Wa ishirini na tano alikuja na vumbi la uwanjani tu; anaondoka na mali ya darasa zima vidoleni, anakwenda kushika andazi. Huyo angekula bila kunawa huenda angekuwa salama zaidi. Mwisho wa mstari kuna taulo. Moja.

Shule hiyo ukiiuliza itakujibu kwa fahari kwamba watoto wake wananawa mikono kila siku kabla ya kula. Na kweli wananawa.

Tangu 2020 taifa zima limefundishwa maneno manne: maji tiririka na sabuni. Mwanzoni mwa 2024, macho mekundu yalipopita Dar es Salaam, tukaambiwa tena yale yale. Inaonekana tulisikia "maji", tukasikia "sabuni" kwa mbali, na "tiririka" likapita na upepo. Neno lenyewe ndilo dawa. Sabuni na msuguano vinabandua uchafu na vijidudu kwenye ngozi, halafu maji yanayopita yanavichukua na kwenda navyo. Yasipopita, vinabaki kwenye beseni kumsubiri mwenzako.

Na zile ndoo zenye koki za wakati wa corona ziko wapi? Zilikuwa kwenye kila mlango, mpaka wa duka la vocha. Leo zimetiwa mchele stoo. Zitoeni. Ndoo ya lita 20 iwekwe juu ya kitu kifupi ili koki ifike kifuani mwa mtoto wa miaka mitatu, ambaye urefu wake wote ni kama sentimita 95. Ikiwekwa kwa kimo cha mwalimu, mtoto atanyoosha mikono juu na maji yatashuka na uchafu mpaka kwenye viwiko na mikono ya shati. Chini weka ndoo nyingine ya kupokea maji machafu, la sivyo baada ya wiki kuna tope, na mtoto atakanyaga tope kufuata usafi.

Hata ndoo hakuna? Kibuyu chirizi. Dumu la lita 5, miti miwili yenye panda, mti wa kulala juu yake, kamba, na kijiti cha kukanyagia. Toboa dumu kwa msumari uliopashwa moto, tundu moja, sentimita kama 12 chini ya mfuniko, upande ulioelekea mtoto. Lining'inize kwa mpini wake kwenye ule mti wa juu, funga kamba shingoni mwa dumu, ishuke mpaka kwenye kijiti; mtoto akikanyaga, dumu linainama. Raha yake ni kwamba mikono haigusi chochote isipokuwa sabuni. Kwa mililita 200 kila mtoto, lita 5 za maji zinanawisha watoto 25.

Kibuyu chirizi kikiharibika, huharibika kwa mambo matatu. Tundu linatobolewa kubwa kama la kidole, na mtoto wa sita anakuta dumu tupu. Kamba inafungwa fupi au kijiti kinakuwa kizito, na mguu wa miaka mitatu hauwezi kuinamisha lita tano za maji. Usilijaze mpaka juu, au wakanyage wawili wawili. La tatu ni sabuni. Ukiiacha chini inajaa mchanga, ukiiweka juu ya ukuta kunguru anaondoka nayo. Kata kipande, kitie kwenye kile kipande cha neti ya kufungia vitunguu, kining'inize pembeni ya dumu. Kunguru atafute mboga kwingine. Baada ya hapo sekunde 20 za kusugua, mgongo wa mkono na katikati ya vidole. Watoto waimbe wimbo wowote wenye beti mbili. Kukausha: kung'uta mikono na kuacha upepo, au kila mtoto na kitaulo chake kwenye msumari wenye jina lake. Lile taulo la wote lifanyeni dekio.

Najua mtakachosema. Maji ni ya kununua kwa dumu, kituo ni cha uswahilini, ada ni ndogo, mwalimu mmoja na watoto arobaini. Sawa, nakubali, kwa shingo upande. Mwalimu wa namna hiyo simdai chochote zaidi ya dumu lenye tundu. Ninaowadai ni wale waliochora vikatuni ukutani mpaka juu ya paa, wakanunua basi la njano, wakaweka kiyoyozi na kufunga madirisha yote ili ubaridi usitoke, watoto 30 wakivutana pumzi mpaka saa sita mchana, na wanapofika kwenye mikono wanatoa beseni.

Na nikubali jingine kabla sijasahihishwa: hata mkinawa vizuri namna gani, mafua hayaishi. Tafiti za kunawisha watoto mikono kwenye vituo vya aina hii zinaonesha kuhara kunapungua kwa karibu theluthi moja, magonjwa ya njia ya hewa kwa kiasi kidogo zaidi, kama moja ya tano. Mafua yanarushwa pia kwa chafya, na chafya haijali dumu. Lakini hiyo theluthi ya kuhara ndiyo inayopeleka watoto kwenye dripu. Nipeni hiyo theluthi, kamasi nitavumilia.

Leso inayobanwa kwa pini kifuani: inafuta pua kuanzia saa mbili mpaka saa saba, ni kitambaa kilekile, na mchana ndicho anachofutia mdomo. Karatasi ya chooni, kipande kimoja kwa pua moja, kisha kwenye ndoo yenye mfuniko. Kikombe kimoja kilichofungwa mnyororo kwenye jaba la maji sitakizungumzia, nitapandwa na presha.

Midoli ioshwe kwa sabuni kwanza, halafu ilowekwe dakika 10 kwenye maji ya dawa: kijiko kikubwa kimoja cha dawa ya klorini ya asilimia 3.5 kwa lita moja ya maji, kisha isuuzwe na kuanikwa. Pale mtoto alipotapika au kuharisha dawa iwe kali, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, baada ya kuondoa uchafu wenyewe. Klorini ikikutana na uchafu inaishia hapo hapo. Ichanganywe kila siku, ya jana ni maji tu. Na isichanganywe kamwe na dawa kali ya kusugulia choo, moshi wake unaumiza mapafu.

Upande wa tiba tuna tabia moja mbaya sana. Kamasi ikigeuka kijani, amoksilini, dawa ya kuua bakteria. Kijani ni rangi ya kamasi iliyokaa siku tatu nne, haisemi lolote kuhusu bakteria, na virusi amoksilini havimjui. Homa ikipanda, "ana UTI", yaani maambukizi ya njia ya mkojo, kwa mkojo uliokingwa kwenye poti la plastiki lililotumiwa asubuhi na mdogo wake. Mkojo wa kupima unakingwa kwenye kichupa safi, mtoto ameoshwa, na ni ule wa katikati. Kila homa ikiwa UTI, siku UTI ya kweli ikija nani ataiamini? Kikohozi cha usiku kwa mtoto aliyevuka mwaka mmoja, kijiko kidogo cha asali kabla ya kulala kinatosha. Akiharisha, pakiti moja ya ORS kwa lita moja ya maji salama, mpe kidogo kidogo, mwaga inayobaki baada ya saa 24. Na zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 mpaka 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu.

Ila hapa kwetu homa haipewi muda wa kuangaliwa. Malaria ipo, kipimo cha tone la damu kinatoa jibu ndani ya dakika kama 20. Pima siku hiyo hiyo. Na jifunze kuhesabu pumzi: mtoto ametulia au amelala, fulana imefunuliwa, simu inahesabu dakika nzima. Kuanzia mwaka mmoja mpaka mitano, pumzi 40 au zaidi ni kwenda kituoni. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea haamki vizuri, usimalize kusoma grupu. Nenda.

Nimewasema wenye shule vya kutosha, sasa wazazi. Homa ya usiku nyuzi 38 na nusu, saa kumi na mbili asubuhi anapewa paracetamol, jasho linamtoka, anachangamka, anavishwa sare, anapandishwa basi. Mtoto wa homa anabaki nyumbani mpaka apitishe saa 24 bila homa na bila dawa. Wa kuhara au kutapika, saa 48. Wa kamasi tu aende, tukisema wote wabaki shule zitafungwa. Najua kazini hawakuelewi. Lakini paracetamol inafanya kazi kwa muda wa saa nne, ikizidi sana sita. Kufika saa nne asubuhi imeisha nguvu, homa imerudi, mwalimu anapiga simu na mama yuko kikaoni. Mtoto amelazwa kwenye godoro la kona, katikati ya wenzake wawili waliopewa dawa saa kumi na mbili kama yeye, na dada anawapitishia beseni ili wanawe mikono, uji uko tayari.