Umri wa Mgonjwa: Miezi 516

Kuna ugonjwa unaompata mtu akishakariri mizizi kumi ya Kilatini: kila neno la Kiingereza analiinamia kama mwindaji aliyeona nyayo. Mimi uliniingia vibaya. "Manus" ni mkono, kwa hiyo "manuscript" ni kitu kilichoandikwa kwa mkono. "Pes", shina lake ped-, ni mguu: ndiyo "pedal" ya baiskeli, ndiye "pedestrian" anayekwenda kwa miguu. Hata "impede", kuzuia, asili yake ni kumtia mtu pingu za miguuni. Hii ya pingu niliihadithia hadi watu wakaanza kunihama mezani.

Siku moja nikategua kifundo cha mguu. Nilikosa kidato cha mwisho cha ngazi huku macho yakiwa kwenye kamusi, tuyaache hayo. Nikafika hospitali nikichechemea, na kibao cha kwanza kunipokea kikasema "Paediatric Clinic". Moyo ukatulia. Ped, mguu. Ile "a" ya ziada niliisamehe. Waingereza wanapenda kurembesha.

Nikapewa fomu. Umri wa mgonjwa kwa miezi. Nikapiga hesabu, 43 mara 12, nikajaza 516. Uzito alipozaliwa. Nikajisemea, hawa ndio madaktari, jambo wanalianzia mzizini. Nikampigia mama simu. Akanitajia kilo tatu na robo, akauliza kuna nini.

"Mguu, mama."

Akanyamaza kwa muda mrefu sana.

Kiti walichonipa kilikuwa na kimo cha kigoda, magoti yakanifika kidevuni. Mtoto wa kama miaka mitatu akanitazama weee, mwisho akanionea huruma, akaniwekea sungura wake wa kitambaa mapajani.

"Baba, mtoto yuko wapi?" Nesi huyo, fomu mkononi.

"Mtoto gani?"

"Huyu wa miezi..." Akaisoma tena. Akaenda kumwita daktari.

Daktari, kijana mpole, alinisikiliza hadi mwisho, pingu na zote. Kisha akasema, "Mzee, umekosea lugha. Hiyo ya kibaoni si ya Kilatini, ni Kigiriki: pais, paidos. Mtoto." Mguu kwa Kigiriki, akaendelea, ni pous, podos, ndiyo maana mtaalamu wa nyayo anaitwa "podiatrist". Yaani nilizidiwa na irabu.

Akaniandikia karatasi niende jengo la pili. Nimefika mlangoni, nikaisoma: "Orthopaedic". Nikageuka.

"Daktari, si umesema paed ni mtoto? Mbona unanirudisha kulekule?"

Akafungua mdomo, akaufumba. Akakubali kwamba neno hilo lilibuniwa na daktari Mfaransa, Nicolas Andry, mwaka 1741, kutokana na orthos, yaani iliyonyooka, na paidion, mtoto. Andry alikuwa akifundisha namna ya kuwanyoosha watoto waliopinda viungo. Sisi watu wazima tulidandia baadaye, na jina hakuna aliyejali kulibadilisha.

"Kwa hiyo ni kwa watoto."

"Kwa asili, ndiyo. Nenda tu, mzee wangu."

Jengo la pili sikusoma kibao. Nilimwuliza mlinzi, "Hapa wanatibu nini?"

"Mifupa."

Nikaingia. Nilipotaka kupokea fomu, ndipo nikagundua mkono una sungura.